Bia ya baridi yenye viungo: ikikuharibikia, anza hapa

Aliyekulia nyumba ya pilau na chai ya tangawizi ana kasoro moja akianza kupika bia ya majira ya baridi: mkono wake mzito. Najihesabu humo. Baridi yangu ya kwanza Minnesota nilipata karafuu za Pemba kwenye begi la mgeni, nikatupa kiganja kizima ndani ya ndoo ya lita 19, nikafunga, nikasubiri wiki mbili. Nilipofungua, besimenti nzima (chumba cha chini ya nyumba) ilinukia kama sanduku la bibi harusi. Bia yenyewe ilifaa kusukutulia jino bovu.

Chai unaiepua, unachuja, unakunywa. Bia hukaa na viungo siku na wiki, na kilevi hukamua mafuta ya viungo ambayo maji peke yake hayawezi kuyatoa. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia yanatoka hapo. Nusu ya pili haina uhusiano wowote na viungo: bia ilishaugua mapema, mdalasini ukasingiziwa.

Vipimo vyote vya hapa ni vya lita 19 (galoni 5) za bia ya kahawia iliyoanza 1.065 kwenye haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa bia dhidi ya maji, ambayo ni 1.000) na kuishia 1.016, yaani kilevi cha asilimia 6.4 hivi. Kwa bia hiyo anzia na kijiti kimoja au viwili vya mdalasini, karafuu nzima 3 au 4, robo kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa, iliki 5, tangawizi mbichi gramu 20, na ganda la nje la machungwa mawili. Usitie vyote kwa pamoja. Vitatu vinatosha, na hakuna resipe takatifu: kampuni ya Anchor ya San Francisco ilianza kutoa bia yake ya Krismasi mwaka 1975, na kila mwaka ilibadilisha mapishi. Maji matamu ya kimea kabla ya kutiwa chachu nayaita togwa, maana ndiyo hiyo hiyo.

Karafuu imemeza kila kitu, ulimi unakufa ganzi

Hili ndilo linaloongoza. Chanzo cha kwanza ni wingi, na wingi wa karafuu huanzia mapema kuliko unavyodhani. Kumi tu ndani ya lita 19 zinaweza kuifunika bia. Cha pili ni kusaga. Karafuu ya unga hutoa mafuta yake yote kwa mkupuo na huwezi tena kuitoa, wakati karafuu nzima kwenye kifuko cha kitambaa unaivuta tu. Cha tatu ni kuisahau ndani.

Kabla hujajilaumu, angalia pakiti ya chachu. Chachu za bia ya ngano za Bavaria, na nyingi za Ubelgiji, hutengeneza zenyewe ladha ya karafuu bila kuona karafuu hata moja. Ukitumia chachu ya namna hiyo kisha ukaongeza karafuu, umetia chumvi kwenye maji ya bahari. Na kama hukutumia chachu hiyo wala hukutia karafuu, lakini ladha ipo na bia inazidi kuwa nyepesi na kavu wiki hadi wiki, basi chachu ya porini imeingia. Ruka uende kwenye sehemu ya chupa zinazofoka.

Kuna ladha nyingine ambayo watu huichanganya na karafuu: ya plasta ya kidonda, au ya hospitali. Hiyo ni klorini ya maji ya bomba imekutana na bia, na haitoki. Safari ijayo tibu maji kwanza: kidonge kimoja cha Campden, yaani cha salfaiti ya kuondoa klorini, hutosha lita 75, kwa hiyo robo kidonge kwa ndoo yako. Kuchemsha peke yake hakutoshi pale mji unapotumia kloramini, aina ya klorini isiyotoka upesi na mvuke. Mwenye pumu inayochokozwa na salfaiti asiguse vidonge hivyo. Anunue maji yaliyochujwa.

Ikiwa kweli ni karafuu, fanya jaribio la glasi tatu. Glasi ya kwanza, mililita 100 za bia yako tupu. Ya pili, mililita 100 pamoja na 50 za bia ya kahawia ya dukani isiyo na viungo. Ya tatu, 100 kwa 100. Acha zifike joto la chumba, onja kuanzia ya tatu kurudi nyuma, kwa sababu ukianza na kali ulimi hautakuambia kitu tena. Ile inayokupendeza ndiyo inayokuonyesha kiasi cha bia isiyo na viungo utakachopika na kuchanganya. Ile ndoo yangu ya kwanza haikutosheka hata na sawa kwa sawa. Niliigawa katika ndoo tatu mpya, na ile ya tatu iliishia kwenye supu ya maharage.

Kusubiri nako husaidia, ila kwa karafuu ni pole pole mno. Usijaribu kuifunika kwa sukari au vanila. Utapata karafuu tamu.

Viungo havisikiki kabisa

Hapa anza na kipimajoto. Bia iliyotoka friji ikiwa na nyuzi 3 haina harufu ya kitu chochote. Iache ifike nyuzi 10 hadi 13, kisha ndiyo uhukumu. Nimeona mtu akiongeza mdalasini mara mbili kwenye bia ambayo haikuwa na tatizo lolote ila ubaridi.

Ikipata joto na bado kimya, tazama wakati ulipotia. Viungo vilivyochemka saa nzima na togwa vimeshapeleka harufu yao darini pamoja na mvuke. Vitie dakika 5 za mwisho au baada ya kuzima moto. Hata vilivyotiwa vizuri hupungukiwa, kwani kaboni dioksidi inayotoka wakati bia inachachuka hubeba harufu na kuondoka nayo. Ndiyo maana wengi wetu tunatia viungo baada ya uchachukaji kwisha.

Kisha ubora. Karafuu ibonyeze kwa ukucha, mafuta yaonekane. Au itupe kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Kungumanga nunua nzima ukune mwenyewe. Mdalasini unaouzwa madukani Marekani mara nyingi ni kasia, gome nene gumu lililojikunja kama ubao uliolowa. Ule wetu wa Unguja ni matabaka membamba yanayovunjika kwa vidole. Kasia ni kali zaidi na haijifichi, kwa hiyo ukihamia mdalasini wetu kwa kijiti kile kile utadhani umesahau kutia.

Dawa yake ni moja, na ningependa kila mtu aanze nayo badala ya kuishia nayo: viungo vilivyolowekwa kwenye vodka. Chukua chupa ndogo ya jemu iliyooshwa vizuri, tia mdalasini uliovunjwa, iliki zilizopasuliwa kidogo kwa mchi, na mililita 80 za vodka ya kawaida ya asilimia 40. Funga, tikisa kila ukipita. Siku ya pili vodka inakuwa rangi ya chai ya rangi, siku ya tano ni kahawia kama asali ya nyuki wadogo. Chuja kwa karatasi ya kahawa.

Sasa pima mililita 100 za bia yako kwenye glasi na uchukue bomba la sindano la mililita moja, lile la kuwapa watoto dawa. Tia 0.1, koroga, onja. Tia 0.1 nyingine. Tuseme 0.2 ndiyo imekaa sawa: lita 19 ni glasi 190 za namna hiyo, kwa hiyo utahitaji mililita 38. Siku ya kutia kwenye chupa, mimina robo tatu tu ya hesabu hiyo, onja ndoo nzima, ndipo uamue kuhusu robo iliyobaki. Kilichozidi kwenye kichupa hakiozi. Kitakungoja hadi Novemba nyingine.

Kungumanga haimo kwenye mchezo wa kuongeza-ongeza. Vijiko vya chai viwili na kuendelea kwa mtu mmoja huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hata kuona visivyokuwepo. Mtu akifikia hapo usimpe kahawa eti azinduke: Marekani piga kituo cha sumu 1-800-222-1222, na akipoteza fahamu au akishindwa kupumua piga 911. Anisi ya nyota nayo nunua ile iliyofungwa kwa ajili ya kula tu. Ipo ya Kijapani inayofanana nayo sana, na hiyo ni sumu.

Ukakasi: mashavu yanakaza kama umekula bibo

Tofautisha na uchungu. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, hukaa nyuma ya ulimi na kuondoka. Ukakasi hukausha fizi na kubaki. Mara nyingi kosa ni la machungwa: umekwangua mpaka kwenye nyama nyeupe. Unataka rangi ya ganda tu, na kisu cha kumenyea viazi kikishikwa kwa mkono mwepesi kinatosha. Halafu mdalasini uliokaa mno, kwa sababu ni gome la mti, na gome lina tanini kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Siku 5 hadi 7 kwenye ndoo zinatosha; onja kuanzia siku ya 3. Nadra zaidi ni kosa la upishi wenyewe, yaani maji ya kusuuzia kimea yaliyopita nyuzi 77, au machicha yaliyochemshwa pamoja na togwa.

Poza bia hadi nyuzi 2 au 3, ukae wiki tatu, uonje tena. Ikigoma, loweka kijiko kimoja cha chai cha jelatini kwenye mililita 150 za maji, yapashe hadi nyuzi 65 bila kuchemsha, mimina juu ya bia baridi, subiri siku mbili. Jelatini hushika tanini na kuzama nayo. Soma pakiti, kwani nyingi ni za nguruwe, na mgeni wako ana haki ya kuambiwa.

Uchachukaji umesimama, na juzi ndiyo nimetia viungo

Viungo havijafanya kitu. Karibu kila mara ni baridi. Januari besimenti inashuka hadi nyuzi 13 usiku bila wewe kujua, kwa sababu kidhibiti joto kipo sebuleni juu, nawe umeketi juu hapo hapo na blanketi. Chachu ya ale, aina ya bia inayochachuka kwenye joto kama hii yetu, inataka 18 hadi 22. Chini ya hapo hulala chini ya ndoo.

Kagua kwa mpangilio huu:

1. Pima kwa haidromita, usitegemee mapovu ya kizibo cha kutolea gesi. Mfuniko unaovuja kidogo haupigi povu hata bia ikiwa inachemka kwa kuchachuka. Ukitumia refraktomita, kile kipima sukari cha kutazamia mwanga, kumbuka kwamba kilevi huidanganya, na namba itasoma juu kuliko ukweli.
2. Ikiwa ni 1.018 au chini, huenda imemaliza. Pima tena baada ya siku tatu.
3. Ikiwa ni 1.030 na haisogei, panda na ndoo chumba chenye joto, nyuzi 20, itikise kwa kuizungusha polepole bila kufungua, uipe siku nne.
4. Bado? Chachu ilikuwa ya zamani au haba. Amsha pakiti mpya kwenye togwa kidogo mpaka itoe povu, ndipo uimimine. Ukinyunyiza kavu ndani ya kilevi, nyingi hufa zikigusa.

Viungo vinaweza kushtakiwa katika hali moja tu: mtu aliyetia kiganja cha karafuu na mdalasini tangu mwanzo. Vyote viwili hukandamiza vijidudu, na chachu ni kijidudu. Kwa dozi za hapo juu hilo halitokei.

Tangi la kioo lenye lita 19 usilibebe ngazini likiwa limelowa, hata hatua tano. Likikuponyoka, liache lianguke. Jeraha la kioo kinene hukata mishipa, na damu inayoruka ni ya 911, si ya bandeji ya nyumbani.

Chupa zinafoka, au moja imepasuka

Imepasuka? Acha kusoma hapa juu, rudi chini kwenye aya ya tatu.

Zinazofoka bila kupasuka: chanzo kikubwa ni kutia kwenye chupa kabla bia haijamaliza. Haidromita isome namba moja kwa siku tatu mfululizo, si vinginevyo. Kinachofuata ni sukari ya mwisho, ile ya kutia gesi siku ya chupa, ama imezidi gramu 120 kwa lita 19, ama haikukorogwa sawasawa, kwa hiyo chupa moja imekaa kimya kama maji na jirani yake ni baruti. Kisha unga wa mdalasini. Huo hauongezi gesi, ila kila chembe yake huwa mahali pa povu kuanzia, kama ukitupa mchanga kwenye soda. Utaujua kwa sababu bia inafoka lakini haina ladha mbaya, na chini ya chupa kuna vumbi jekundu. Mwisho ni maambukizo: bia imekuwa nyembamba, yenye ukali wa siki au yenye ladha ya karafuu usiyoitia, na kila wiki inafoka zaidi. Hapo viungo vikavu vilivyotiwa bila kulowekwa kwenye vodka ni washukiwa, ila mpira wa kuhamishia bia wenye mikwaruzo ndani nautilia shaka zaidi.

Chupa yoyote ikishapasuka, kreti nzima ichukulie kuwa itapasuka. Usiiguse kwa mikono mitupu, usiinamie kuangalia. Watoe watoto na mbwa chumbani. Vaa miwani ya kazi, glavu nene na koti zito, funika kreti kwa blanketi nene, na kama kuna friji tupu karibu iingize bila kuitikisa. Ubaridi wa nyuzi 2 hupunguza mkandamizo. Baada ya siku mbili fungua moja moja juu ya sinki, chupa imefungwa taulo. Usiweke kreti nje kwenye theluji eti ipoe haraka. Kwenye hasi 20 bia huganda na kupasua hata chupa zilizokuwa salama. Kama kreti iko mahali usipoweza kuifikia bila uso wako kuwa mbele yake, funga mlango na uiache siku kadhaa. Bia ya dola 40 haina thamani ya jicho.

Utando juu ya bia

Mafuta yanayometameta baada ya kutia ganda la chungwa ni ya kawaida. Mabaki ya kahawia pembeni mwa ndoo pia. Utando mweupe mkavu, uliokunjamana kama malai ya maziwa, ni bakteria au chachu ya porini. Bia yake haiui, lakini mara chache hufurahisha, na ndoo ya plastiki nayo ifanye ya kufulia. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu. Mwaga yote, usikwangue juu na kunywa chini. Na viungo vilivyoota ukungu kwenye kopo usivichemshe ukidhani moto utaviokoa, kwani sumukuvu haivunjwi na maji yanayochemka.

Povu halikai, bia ina wingu

Mafuta ya chungwa na vanila hula povu, na glasi iliyooshwa kwa sabuni bila kusuuzwa hulila zaidi. Osha glasi upya kabla ya yote. Wingu ni unga wa viungo au baridi. Wiki mbili za friji. Ni bia ya usiku mrefu wa giza, hakuna atakayeitazama kwa tochi.

Kichwa kinauma na moyo unachafuka wakati wa kuchemsha

Hapa hakuna kukagua mepesi kwanza. Nje kuna hasi 20, umeingiza jiko la gesi ya mtungi gereji na mlango umeacha wazi shubiri moja. Hiyo ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na mdalasini unaochemka utakufanya uone hewa ni nzuri. Toka nje na kila aliyemo, zima jiko ikiwa tu liko njiani, piga 911. Ulaya ni 112. Usirudi kuokoa togwa mpaka zima moto wapime. Msimu wa baridi chemsha kwenye jiko la umeme, hata kama itabidi upike nusu ndoo.

Desemba ilikuwa tamu, Machi imebaki karafuu tupu

Hujakosea kitu. Chungwa huondoka kwanza, tangawizi na vanila hufuata, karafuu hubaki ya mwisho ikimiliki nyumba. Bia uliyoipatanisha vizuri siku ya kuitia kwenye chupa itaegemea karafuu kadiri miezi inavyopita, na ndani ya chupa huwezi kuongeza kitu. Yenye machungwa mengi imalize kabla Januari haijaisha. Ya kuweka mpaka msimu mwingine ipunguzie karafuu hadi mbili, au moja. Na ukiona itakuzidi, gawa kwa majirani watu wazima, usiiuze: sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1978 inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, kwa matumizi yao wenyewe.